Siku Niliyosafisha Bunduki ya Baba Mkwe

Haya, nitawaambia mwenyewe, maana najua mmeshaisikia kwa watu na kila mtu ametia chumvi yake. Ndiyo, mimi ndiye yule jamaa wa Mumbuni aliyemrukia baba mkwe wake mchana kweupe, mbele ya akina mama wa kanisa, mpaka tukaanguka wote wawili kwa beseni la muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa. Sikuwa nimelewa, na sikuwa na wazimu, ingawa siku hiyo wazimu ungenisaidia sana.

Shida yangu ni moja tu: mimi siwezi kusema sijui. Kazi yangu ni kutengeneza pampu za maji, na hiyo naijua vizuri, lakini ukiniuliza mambo ya ng'ombe, au mambo ya simu, au njia ya kwenda mahali ambapo sijawahi kukanyaga, nitakujibu, na mkono nitakunyooshea. Mwende, ambaye sasa ni bibi yangu, aliniambia mapema kabisa, "Mutua, huo mdomo wako utakuponza." Nikacheka.

Basi ilikuwa Ijumaa, na Jumamosi yake ndiyo ilikuwa ntheo yetu, ile siku wazee wa kwenu wanapeleka mbuzi kwa kina msichana, na wakipokelewa basi huyo ni bibi yako na hakuna mtu wa kukuuliza swali. Nikateremka Katangi kwa kina Mwende kupeleka mchele na viti (hakuna mtu alinituma, nilitaka tu kuonekana mkwe mchapakazi). Akina mama wa kanisa walikuwa wamejaa uani wanatwanga muthokoi wa sherehe, wanaimba, wanacheka. Mzee Kioko, baba yake Mwende, alikuwa amekaa kando na redio yake, na bunduki imelala kwa magoti.

Ilikuwa bunduki ya marisau, ya mitutu miwili, ya zamani lakini leseni yake iko sawa, kwa sababu nyani wa huko wanavuna mahindi kabla ya mwenye shamba.

"Mutua," mzee akaniita, "wewe si ni fundi? Hii unajua kuisafisha? Macho yangu siku hizi hayaoni ndani."

Ningesema hapana, sasa hivi ningekuwa mtu mwenye heshima zake. Nikasema, "Mzee, hizo nimesafisha nyingi sana, nikiwa askari kule Mavoko." Na askari nilikuwa, kweli, wa kulinda godauni, miezi minne. Lakini silaha niliyopewa ilikuwa rungu na filimbi, na hiyo filimbi hata ilikuwa hailii.

Mzee akafurahi. Akaikunja bunduki katikati, akanionyesha iko tupu, risasi akatia kwa mfuko wa shati. Akanipa ufito, kichupa cha mafuta na vitambaa vidogo kama vya kupangusia miwani, akaniambia, "Polepole, kitambaa kidogo kidogo." Halafu akageukia redio kwa sababu matangazo ya vifo yalikuwa yameanza, na wakati huo Mzee Kioko haongeleshwi na mtu.

Mtutu wa kwanza ulienda vizuri mpaka nikaanza kujipenda. Wa pili ulikuwa mchafu, kila kitambaa kinatoka cheusi, na vikaisha vyote kabla uishe huo weusi. Sasa, mtu aliyesafisha nyingi Mavoko ataombaje vitambaa? Nikaangalia huku na huku, nikaona juu ya ua wa miti kitambaa cha rangi ya waridi kimechakaa, kina lesi pembeni, nikajiambia hilo ni pazia kuukuu. Nikalikata kipande kikubwa na kisu (kikubwa, ndiyo, kazi iishe mara moja), nikakilowesha mafuta, nikakisukuma ndani.

Kikaingia nusu, kikakataa. Nikasukuma. Nikazungusha. Kuvuta hivi, ufito ukatoka peke yake, na ile ncha yake ya shaba ikabaki huko ndani pamoja na kitambaa. Nikainua bunduki kwenye jua: tundu moja naona mbingu, tundu la pili giza tupu.

"Umemaliza?" mzee akauliza.

Nikasema, "Imemalizika, mzee. Sasa ni kioo."

Jamani. Mdomo huu. Nilikuwa nimepanga kwamba Jumamosi ikishapita, nikishapewa bibi yangu, nitatafuta njia ya kukitoa polepole. Mzee akaichukua bunduki, akanipiga bega, akasema, "Mwende amepata mtu."

Hata kabla hayo maneno hayajapoa, mama mmoja akapiga nduru. "Nyani! Wako kwa mahindi! Aiyawe, wamejaa!" Na nikaona baba mkwe wangu, mtu ambaye hutembea kama amebeba mayai, amesimama kama kijana, risasi mbili tayari ziko ndani, bunduki iko begani.

Hapo ndipo nilielewa kitu nilichofanya. Fundi wa pampu anajua: ukiziba bomba halafu usukume kwa nguvu, bomba linapasuka. Na hilo bomba lilikuwa karibu na shavu la mzee. Nikiongea, ntheo kwisha, Mwende kwisha, mimi nirudi Mumbuni na viti vyangu. Nikinyamaza, pengine atapiga ule mtutu mzuri kwanza. Sikujua triga gani ni ya mtutu gani. Ningejuaje?

Nikaruka. Nilimkumbatia mzee kutoka nyuma na kuusukuma mtutu uangalie chini, tukapepesuka hatua tatu, tukaketi ndani ya muthokoi.

"Umeshikwa na nini wewe!" mzee akanguruma.

"Usipige, mzee! Kuna nguo ndani! Nilidanganya, sijawahi kusafisha bunduki hata moja, kuna nguo ndani!"

Mzee akaikunja bunduki, akatoa risasi. Akachungulia. Akaniletea waya. Nikaupinda ncha nikavua kile kitambaa mbele ya kanisa zima, kikatoka sentimita kwa sentimita, ile ncha ya shaba, waridi, lesi, halafu mpira wa kiunoni. Mtu akasema kwa sauti ndogo, "Ngai! Hiyo si petikoti ya Mama Mwende?"

Kama wewe si Mkamba, ngoja nikueleze uzito wake. Kwetu mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa mbali. Mkono hatupeani, sahani moja hatuli, tukikutana njiani mimi napisha. Na mimi nilikuwa nimesimama uani kwake na petikoti yake inaning'inia kwa waya. Mama Mwende akafunika uso na leso, akaingia nyumbani, na mlango ukafungwa. Wale nyani, nawaambia ukweli, walikuwa bado wanakula mahindi, wanatuangalia.

Saa kumi wazee wa ukoo wakaitwa. Mimi nikawekwa kwa kigoda, muthokoi bado umenikaukia matakoni, Mwende amesimama mlangoni analia na kunikasirikia kwa pamoja. Mzee mmoja akasema ntheo isimame, mtu kama huyo ni mwongo na ameivunjia nyumba heshima. Wengine wakatikisa kichwa kukubali. Ni ukweli.

Ndipo Mzee Kioko akaongea. "Ni mwongo, hiyo nimeona. Lakini alikuwa na nafasi ya kunyamaza. Angenyamaza, kesho mngekuja hapa kwa matanga yangu." Halafu akasema, "Waje na mbuzi wao. Na waongeze mbuzi mmoja wa kumwomba mama radhi, na blanketi."

Nililia mbele ya watu, na sikujali. Petikoti mpya nayo ilibidi inunuliwe, na kwa vile mimi kuinunua ingekuwa aibu ya pili, mama yangu mzazi ndiye aliizungukia sokoni Machakos akimweleza kila muuzaji sababu. Ndiyo maana mnajua.

Siku hizi baba mkwe akiniuliza kitu nisichokijua, neno linanikawia kidogo mdomoni, halafu natoa: "Sijui, mzee." Naye hugusa shavu lake, lile la upande wa kulia, na kusema, "Asante."