Redio Niliyoivaa Siku ya Kumaliza Matanga

Mume wangu alipougua tulikuwa Kumsenga, miaka ile ya kuhamia vijijini. Nilimwendea kaka yake kuomba baiskeli tumpeleke mgonjwa hospitali, Kibondo. Akasema tairi limepasuka. Majirani wakambeba mume wangu kwa machela, akafia njiani. Kesho yake huyo kaka alifika msibani juu ya baiskeli ileile. Tangu saa hiyo nilimtafutia la kumuuma.

Alinionyesha mwenyewe. Aliitazama redio ya marehemu, ambayo mume wangu aliinunua Kasulu baada ya kuuza tumbaku, akasema mbele ya waombolezaji, "Hii nitaichukua siku ya kumaliza matanga. Itunze, shemeji, isiingiwe na mende."

Katika ukoo ule mjane havai pambo lolote mpaka siku hiyo. Akishanyolewa na kuoga, anavaa mapambo, na alichovaa hakivuliwi na mtu, maana kumvua ni kuita kifo kingine nyumbani. Nililiwaza jambo hilo siku nyingi nikipalilia mihogo. Kisha nikaifungua redio.

Ndani mlikuwa na vipande vidogo kama punje za mpunga, vyenye mistari myekundu, ya njano na ya kahawia, kila kimoja na miguu miwili ya waya. Niliving'oa kwa ncha ya kisu, nikaikunja miguu na kuviunganisha kimoja kwa kingine, vikawa mkufu. Vikofia viwili vya bati nikavifanya hereni. Waya wa shaba, mwembamba kama unywele, niliuzungusha kwenye singa za mkia wa ng'ombe, kama bibi yangu alivyonifundisha, nikapata vikuku. Spika niliiacha, ili kasha liwe na uzito atakapolibeba. Nikalifunga, nikalifuta vumbi vizuri.

Siku ikafika, pombe ya ndizi ikamiminwa. Shemeji alikuja na betri mpya. Akazitia, akazungusha kitufe. Kimya.

"Imemfuata mwenyewe," mlevi mmoja akasema.

"Izungushe, baba, usiionee haya!" mwingine akadakia.

Akafungua mgongo wa redio, akachungulia. Alipoinua uso, macho yake yakatua shingoni kwangu.

"Shemeji, umevaa nini?"

"Redio," nikamjibu.

Shangazi wa marehemu akaangua kicheko. "Mfinye sikio, labda atakusomea taarifa ya habari!"

Uwanja mzima ukacheka. Shemeji akaja na mkono mbele. Ndipo mama mkwe wangu, mama yake wa kumzaa, akasema bila kuinuka kwenye mkeka, "Mvue, tuone. Ila uchukue na jembe kabisa, utuchimbie kaburi jingine."

Mkono ukashuka. Alilibeba kasha kwapani akaondoka nalo, spika ikigonga ndani kila hatua.

Kanisani waliniambia nisamehe. Niliwajibu ukweli, kwamba bado. Ule mkufu niliuvaa shambani, niliuvaa sokoni, na kila nilipomwona shemeji anakuja njiani niliacha kupalilia, nikanyoosha mgongo, nikaisogeza kanga ili shingo yote ionekane. Alijifunza kupita njia ya mtoni, ambayo ni ndefu na ina matope.