Kigoda cha Toba cha Auchenbrae

Ilikuwa mwaka wa themanini na sita. La, nakosea, ni themanini na saba, maana paa la kanisa la Auchenbrae lilikuwa limeshazibwa, na Eben Tweedale hakuwa tena akitega ndoo karibu na kigoda.

Kigoda hicho ndicho kilichowaleta wageni. Walikuwa wameshaiona nyumba alimozaliwa yule mshairi mkuu wa Skotilandi, wameshakunywa katika baa alizonywea (nazo ni nyingi, hakuna baa kule itakayokubali kwamba alipita tu), ndipo wakaletwa kanisani kutazama kigoda alichokalishwa Jumapili tatu mbele ya waumini, akemewe kwa kumpa msichana mimba. Walikitazama kwa heshima zaidi kuliko mimbari.

Eben, mtunza kanisa, alijua kwamba kigoda chenyewe kilioza zamani. Hiki kilikuwa cha marehemu mama yake, cha kukamulia ng'ombe. Alikileta mwenyewe miaka thelathini nyuma, siku basi zima la Wakanada lilipofika na hakuna cha kuwaonyesha. Aliwaonea huruma, akasema atakirudisha jioni. Sasa anastaafu, Jumamosi anakabidhi funguo, na hakutaka kingine ila kigoda kirudi nyumbani.

Akamwendea Bi Carruthers, mwenyekiti wa kamati.

"Kile kigoda ni cha mama."

"Wewe Eben! Juzi si uliwaambia Wajerumani kina chozi la mshairi?"

"Niliwaambia kina doa. Ni maziwa yale."

Bi Carruthers akaona mzee keshachoka kichwa. Ili kumaliza maneno, akamwita profesa kutoka Edinburgh. Profesa akakipindua kigoda, akakigonga, akakinusa.

"Ndicho chenyewe! Tazameni mguu huu mfupi. Wazee wa kanisa waliukata makusudi, mwenye dhambi asikae raha."

"Aliuvunja Crummie," akasema Eben.

"Crummie alikuwa mzee wa kanisa?"

"Ng'ombe wetu. Alikuwa na teke baya."

Profesa akacheka mpaka akafuta miwani. "Wazee wa huku kwa utani! Jana mwingine kaniambia yeye ni kitukuu wa mshairi."

"Huyo ni mjomba wangu," akasema Bi Carruthers, uso mkavu. "Na ni kweli."

Kigoda kikafungiwa ndani ya sanduku la kioo. Jumamosi, baada ya hotuba, kamati ikamzawadia Eben kigoda kipya, mfano wa kile, ila fundi alikuwa amesawazisha miguu. Eben akakikalia. Hakikuyumba hata kidogo, naye hakukipenda.

"Basi naomba kuuliza," akasema. Wakampigia makofi kabla hajauliza. Akangoja yaishe, akauliza: "Kama kile ni cha mshairi, mama yangu alikuwa akimkamua Crummie amekalia nini?"