Vumbi Juu ya Gari la Kaka Yohana

Juzi hapa Ipuli jirani yangu alikuwa anaosha bajaji yake, na harufu ya turubai lililolowa ikanifikia barazani nikiwa na Biblia mapajani. Nikafunga kitabu. Harufu ile naijua tangu nikiwa na miaka kumi, nanyi mtanivumilia nikiwaeleza, maana sijawahi kuieleza vizuri.

Kaka yangu mkubwa, Yohana, alikuwa na gari dogo la buluu lenye paa la turubai, la kukunjwa. Alilipata kwa mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Kila alipolikunja paa kwenda ibadani, jirani yetu Mzee Kapela alipaza sauti: "Yohana, umelivua kofia! Nalo linaingia kanisani?"

"Limeshabatizwa, mzee," alijibu kaka. "Kwa vumbi."

Vumbi ndilo lilikuwa adui yake. Kiangazi cha Tabora mnakijua. Upepo ukipita barabarani, kila kitu kinageuka rangi ya tofali. Kaka alinifundisha kazi kama anayefundisha katekisimu. Paa lipigwe brashi laini, tena lisikunjwe likiwa na vumbi, kwani vumbi likibanwa kwenye mikunjo hula kitambaa. Bodi imwagiwe maji mengi kwanza, ndipo tambara liguse rangi. "Vumbi letu ni msasa," alisema. "Ukilifuta kavu, umekwaruza." Alipokuwa safarini, gari aliniachia mimi. "Lisilale na vumbi, mayu," aliniambia, akiniita mama kwa Kinyamwezi. "Niahidi."

Nikaahidi.

Kisha akashikwa na homa. Jumatatu walimpeleka hospitali kule Kitete. Alhamisi walimrudisha amefungwa shuka.

Watu walilia. Mimi nilitazama. Mnajua mtu akikalia mguu mpaka ukafa ganzi. Mimi ganzi ilikuwa mwili mzima. Nilimsikia shangazi akimnong'oneza mwenzake, "Huyu mtoto ana moyo mkavu." Sikukasirika. Nilikuwa naangalia gari.

Maana kwetu, matanga yakiwa hayajaanuliwa, uwanja haufagiliwi, wala kitu cha marehemu hakioshwi. Ukifagia unamfukuza, walisema. Gari likasimama uani, miguu ya wafiwa ikatimua vumbi, majivu ya mioto yakapeperuka. Siku ya tatu buluu haikuonekana tena.

Mchana, watu wakila ugali, nikaenda. Maji yalikuwa kwenye pipa, na bibi alikaa kando yake. Nikavua kitambaa changu cha kichwani, nikafuta kavu. Nilifuta mlango wa dereva kwa nguvu, na vumbi likawa linasaga kama mchanga kwenye meno. Nilijua ninachoharibu. Nikaendelea kufuta.

"We mtoto! Unafagia msiba!" alipiga kelele shangazi.

Wanawake wakasimama. Mama naye akainuka kwenye mkeka. Tangu mazishi hakuwa ameinuka bila kushikwa mkono. Nikangoja kofi. Akapitisha kidole juu ya mikwaruzo.

"Alikwambia ufute kavu?"

"Hapana, mama. Alisema maji kwanza."

Akamgeukia bibi. "Mama, naomba maji."

"Matanga bado!" alisema shangazi.

Bibi akajisogeza pembeni ya pipa. Akasema, "Mpeni ndoo. Wazee wakiuliza, nitajibu mimi."

Mama akamwaga, mimi nikasugua. Maji yakatiririka mekundu kutoka kwenye turubai, na ndipo ile harufu ikapanda. Hata hapo sikulia. Machozi yalikuja miezi mingi baadaye, nikibangua karanga peke yangu, bila sababu yoyote.

Kwa miaka nilimwomba Mungu anisamehe ule ukavu wa moyo. Siku hizi namshukuru kwamba, kabla hajanipa machozi, alinipa kazi ya mikono. Nami nimezaa, nimezika, ndipo nikaelewa kuwa mama hakuvunja mila kwa ajili ya rangi ya gari. Alikuwa na watoto wawili. Mmoja alikuwa ameshamzika, na akamwona wa pili anaondoka kimya kimya, huku amesimama mbele yake. Akaomba maji.