Nilikwenda Kuposa Ghorofa

Aibu hii niliitafuta mwenyewe, kwa hiyo nitaieleza polepole, hatua kwa hatua, ili mcheke mara moja tu mmalize.

Jengo letu la maduka katikati ya Kampala ni la miaka ya sitini: mapezi ya zege yanayokinga jua madirishani, ngazi ya kuzunguka, sakafu ya terazo. Mwenye jengo, afande mstaafu anayekaa Mbuya, alitaka kulivunja ajenge la vioo (tuokwe humo kama mikate), na wapangaji wenzangu wakanituma nikamsihi. Ningepiga simu tu. Lakini nikajiambia mwanajeshi huguswa na Kiswahili, nikaandika: “Afande, Jumamosi naleta watu kuzungumza juu ya mahari.”

Nilimaanisha mahali. Sisi Waganda r na l hutuchezea hivyo, na Mama Furaha, Mkongomani anayeuza vitenge duka la chini, angenisahihisha, ila mimi ndiye fundi miwani, msomi wa ghorofa nzima, sikumwonyesha.

Jumamosi, kwake Mbuya, tukakuta hema, mashangazi, na binti yake Akello amevaa gauni la gomesi linalong'aa. Mama Furaha, kwa adabu zake, akatoa kitenge na mananasi, vigelegele vikalia (nami nikawaza, kumbe familia hii inapenda majengo ya zamani!).

“Haya, kijana, sema,” afande akaniambia. “Umependa nini kwake?”

Nikasimama. Kiswahili chetu cha Kampala kila kitu ni “yeye”, hata ukuta.

“Afande, yeye amezeeka, miaka sitini sasa. Mbele amepasuka kidogo, lakini chini bado iko nguvu. Sisi wote tumekaa naye miaka mingi, hakuna anataka kutoka.”

Mashangazi wote wakageuka kumtazama Akello.

“Nani amepasuka?” shangazi mmoja akauliza.

“Ndugu yangu,” Mama Furaha akaninong'oneza, “uliandika nini?” Nikampa simu. Akasoma, akajifunika uso kwa kile kitenge cha zawadi.

Ikabidi nieleze. Afande akafoka: “Wewe! Nimechinja mbuzi juu ya maduka? Hiyo jengo nimeshampa huyu binti. Omba yeye!”

Nikamgeukia mwanamke niliyetoka kumtangaza mzee mwenye nyufa.

“Ufa uzibe mwenyewe, ssebo,” Akello akasema. “Nakupa mwaka mmoja. Ukishindwa, navunja.”

Basi kila Jumamosi niko juu ya ngazi na ndoo ya saruji, naye yuko chini akiniamrisha kuliko baba yake. Nimeapa: kwa mtu mwenye binti nitaandika “jengo”, na lile neno jingine sitalitamka tena hata nikiulizia choo.