Mkunga wa Mbuzi na Dawa Iliyomtetemesha

Mtaani walimwita Mkunga wa Mbuzi. Mbuzi akishindwa kuzaa, awe wa jirani au wa mtaa wa tatu, aliitwa yeye. Alikunja mikono ya gauni, akajipaka sabuni, akaingiza mkono na kumtoa mtoto pamoja na kondo lake la nyuma. Miaka ishirini na sita aliifanya kazi hiyo mikono mitupu. Jambo la pili alilojulikana nalo ni kutomwamini mtu. Hata chai aliyopikiwa na bintiye aliinusa kwanza.

Kwa miezi minane homa ilimpanda na kushuka. Shuka lililowa jasho, kiuno na magoti vikamuuma kama aliyepigwa rungu. Dawa za malaria alizimeza mara nne, wapi. Ndipo akaja mtafiti wa magonjwa yanayotoka kwa wanyama, kijana mwembamba mwenye viatu visivyo na vumbi, akiuliza ni mbuzi gani wametupa mimba na nani aliwashika.

"Huyu atatuulia mbuzi, kisha aandike ripoti," alimwambia bintiye.

"Mama, kuuliza si kuua."

"Mchinjaji naye huanza kwa kuuliza bei."

Hata hivyo, siku aliyomzalisha mbuzi kisha yeye mwenyewe akashindwa kuinuka, akabebwa kama gunia, alikubali kutolewa damu, kwa sharti kwamba kichupa kifungwe na kuandikwa mbele ya macho yake. Majibu yalirudi: ni brusela, ule ugonjwa unaowafanya wanyama watupe mimba, na binadamu huupata kwa maziwa mabichi au kwa kushika kondo. Matibabu ni vidonge vya wiki sita, na sindano juu yake. Fomu ya kukubali kushiriki utafiti wa matibabu hayo aliitaka isomwe mara tatu, akihoji kila neno, ndipo akatia sahihi.

Alipewa dozi ya kwanza asubuhi, katika chumba cha zahanati chenye vitanda viwili na feni iliyolalamika. Kabla ya saa sita mchana meno yakaanza kugongana. Homa ilipanda kuliko siku zote, kisha mikono ikawa baridi, midomo ikapauka, na sauti ya muuguzi akaisikia kama inatoka kisimani: "Presha inashuka." Miguu yake ikainuliwa, dripu ikafunguliwa ikimbie.

"Nilikwambia," alimnong'oneza bintiye. "Wameniwekea sumu."

Bintiye, aliyekuwa akimtetea mtafiti tangu mwanzo, alisimama akaenda kuzuia mlango. "Hutoki humu mpaka useme umempa nini mama yangu."

Mtafiti hakuwa na nia ya kutoka. Alikaa kwenye kigoda kando ya kitanda, akapima presha kila baada ya dakika kumi mpaka ikaanza kupanda. Jua lilipoinama mgonjwa alifumbua macho.

"Dawa imefanya kazi, shangazi," mtafiti alisema. "Vijidudu vimekufa vingi kwa mpigo, na vikifa humwaga sumu yake kwenye damu. Mwili umeshtuka. Haitokei kwa wengi, na dozi zinazofuata hazishtui mwili hivi."

"Ulijua?"

"Nilijua inaweza kutokea."

"Kwenye fomu haimo. Nimeisikia mara tatu."

Kijana alitazama viatu vyake. "Haimo. Nilihofia watu wangekimbia."

"Basi ulinificha," alisema, bila kupandisha sauti. "Mimi nilikuwa na haki ya kukimbia."

Mtafiti akaomba radhi. Yeye akataka aletewe fomu na kalamu, na jambo lile liandikwe pale pale kwa maneno ambayo mtu wa sokoni angeyaelewa. Bintiye akayasoma kwa sauti. Neno "usumbufu mdogo" mama alilikataa, likafutwa, ikaandikwa "unaweza kuzidiwa, usiwe peke yako."

Vidonge alivimaliza vyote, akivihesabu kila asubuhi kana kwamba kuna mtu angemwibia. Jasho lilikoma wiki ya tatu, magoti yalichelewa. Alirudi kwenye kazi yake akiwa na glavu ndefu, na maziwa akawa hayanywi bila kuona yamechemka. Mgonjwa mpya alipoanzishiwa dawa, zahanati ilimwita aje kukaa naye siku ya kwanza. Alikwenda, akaishika fomu, akamwambia mtafiti aisome tena, polepole.