Dume Aliyealikwa Mezani

Bata mzinga wa mama yangu ni wa mbegu ya zamani: weusi, wadogo, wenye hasira. Wale weupe wanaochomwa kwenye mikahawa ya nyama choma ya Kamakis hunenepa haraka na kufa haraka. Wa mama hujitafutia wadudu, huatamia wenyewe na humfukuza mbwa wa jirani. Lakini walikuwa wamebaki kwenye maboma machache tu hapa Mugutha, ndipo tukaunda kikundi cha kuwahifadhi. Majike tulikuwa nao. Dume alikuwa mmoja, akizungushwa boma hadi boma kwa zamu, jinsi akina mama wanavyozungusha pesa za chama.

Mwenyekiti wetu, chea kama tunavyomwita, ni mzee wa kanisa anayependa sana kipaza sauti. Neno "uhifadhi" hulichomeka hata kwenye maombi ya chakula. Zamu yake ya kukaa na dume ilipofika, aliwaalika wataalamu kutoka Nairobi waje wamwone. Akakodi hema, viti na spika.

Huku kwetu mgeni hulishwa kwanza, mambo mengine baadaye. Tukala, tukasifu mchuzi. Mama peke yake hakugusa nyama. Tangu tufike alikuwa ametega sikio, na hakuwa amesikia dume akilia.

Mgeni mmoja akapangusa mdomo. "Sasa chea, tuonyeshwe hiyo dume."

"Si ndio hiyo mumekula," chea akasema bila haya. "Watu wametoka mbali hivyo, ningewapatia kuku kweli?"

Mgeni akarudisha mfupa kwenye sahani taratibu. Nilikasirika. Chea naye akafunga kwa maombi, akamshukuru Mungu kwa uhifadhi.

Kilichotuokoa ni kwamba jike akishapandwa huendelea kutaga mayai yenye uhai kwa wiki kadhaa. Mama aliyaatamisha yote, na katika vifaranga akapatikana dume. Hakumwambia mtu. Akamfuga ndani, kwenye chumba cha wageni.

Habari hazifichiki Mugutha. Chea alikuja na suti yake, akisema dume ni mali ya kikundi, na tena kuna wageni wengine wanakuja. Mama akampakulia githeri. Mara dume akalia chumbani.

"Ni nani huyo?" chea akauliza, akiinuka.

"Kaa ule," mama akasema, akimwongezea githeri. "Huyo ni mgeni wangu. Na hapa kwangu, wageni hatuwali."