Njiti Chini ya Sahani

Mtu akikataa chai ya bure siku tatu mfululizo, jua ana jambo. Ndivyo tulivyoanza kumshuku Mama Gramu.

Yeye ni fundi wa mizani. Meza yake iko kwenye kibaraza cha duka la vifaa vya ujenzi, mkabala na stoo yangu ya nafaka, na kwa miaka kumi na miwili nimemwona pale akifungua mizani za soko zima: za sahani, za kuning'inia, na zile kubwa za kupimia magunia. Jina la Mama Gramu tulimpa sisi wenyewe, kwa sababu ukimwambia mizani yako imepungua kidogo tu, atakuuliza, "Kidogo gramu ngapi?" Mumewe ni dereva wa lori na rafiki yangu wa siku nyingi, ndiyo maana mimi na yeye tunaitana shemeji.

Kitu kimoja alikuwa hana: muhuri. Mizani anatengeneza yeye, lakini anayeigonga muhuri kwamba ni sahihi ni bwana mmoja wa ofisi ya vipimo, anayefika mara moja kwa mwaka. Na habari za kuja kwake humtangulia kwa siku mbili. Siku hizo mbili soko zima linakuwa na watu waaminifu. Akishapanda gari lake, kila mtu anarudi kwenye maisha yake.

Fundi naye anaweza kupewa muhuri wake mwenyewe, akifaulu mtihani wa ofisi hiyo. Unapeleka mizani ya mikono miwili uliyoitengeneza kwa mkono wako tangu chuma kikiwa kipande. Wanaweka kilo mbili huku, kilo mbili kule, halafu upande mmoja wanaongeza njiti moja ya kiberiti. Upande huo usiposhuka, rudi nyumbani ujaribu mwaka ujao. Mama Gramu alikuwa amejiandikisha mara mbili. Mara ya kwanza mgonjwa wa jirani alimchukua wiki nzima. Mara ya pili alikaa kusuluhisha ugomvi wa kiwanja ambacho si chake. Mtihani wenyewe hakuwahi kuushindwa. Alichoshindwa ni kufika.

Mwaka huu alisema mara moja tu, tupa ya kunolea chuma mkononi, bila kumwangalia mtu:

"Nina siku kumi na nne. Asiniite mtu."

Simu yake akaifungia kwenye droo ya misumari, ufunguo akampa mwenye duka la vifaa mpaka jioni. Chai akakataa. Hapo watu wakaanza kuangaliana.

"Huyu anatuandika majina," alisema kinyozi, ambaye kiti chake kiko hatua tano kutoka pale na maisha yake yote ni kunyoa na kucheza drafti.

"Fikirini vizuri," alisema mwenye bucha. "Yule bwana wa ofisi anatupima mara moja kwa mwaka. Huyu akipata muhuri atatupima kila akija kununua mifupa ya supu."

Hakuna aliyecheka. Mama Gramu anajua mizani ya nani inaumwa wapi kama daktari anavyojua wagonjwa wake. Hatukufanya kikao. Sokoni mambo kama haya hayahitaji kikao.

Wa kwanza kwenda alikuwa kinyozi, na ubao wake wa drafti kwapani.

"Fundi, mchezo mmoja tu, upumzishe macho."

"Macho yangu yamechoka lini?"

"Aa, naona yamekuwa mekundu."

"Basi yaache mekundu. Wewe una wembe mkononi, angalia masikio ya watu."

Akafuata wifi yake, dada wa mumewe, akiwa amegombana na mwenye nyumba wake. Huyu hakutumwa na mtu, ila alikuja siku ileile, na Mama Gramu alikuwa ameshafika mahali pa kumshuku hata paka. Alimtazama wifi yake juu mpaka chini kama anatafuta skrubu iliyolegea.

"Wifi, nani kakwambia niko hapa?"

"Uko hapa kila siku tangu uolewe!"

"Haya. Hasira zako zitaweza kukaa mpaka Jumamosi ya wiki ijayo?"

Wifi akafikiri. "Zitakaa."

"Basi zilete siku hiyo, na mwenye nyumba mlete. Nitawasikiliza wote wawili."

Ndipo mizani zikaanza kuugua. Kwa kawaida fundi huyu anapata mbili kwa wiki. Sasa zilikuja saba katika siku nne. Mwenye bucha, yake imekwama. Muuza sukari, yake mshale haushuki. Muuza maharage, hivyohivyo. Na ya saba ilikuwa yangu. Sijifichi. Wazo lilitoka bucha: unachomeka njiti ya kiberiti chini ya sahani, mizani inashika, unampelekea fundi. Mimi sikuona sababu ya kubuni jipya. Sina uadui na shemeji yangu, lakini mizani yangu ilikuwa na tabia zake, na tabia hizo ndizo zilizonijengea stoo.

Nilimkuta ameinama anapiga msasa mkono wa mizani yake, chuma chembamba kirefu kama dhiraa. Pembeni kulikuwa na kipande kingine, amekinoa kama wembe. Juu yake ndipo mkono ule ungekaa. Kila jioni alivifunga kwenye foronya na kuondoka navyo. Hakuacha hata chenga za chuma.

"Shemeji, mizani imenigomea," nilisema.

Hakuuliza imegoma vipi. Aliivuta, akainua sahani kwa kidole, akaishusha. Akaandika kikaratasi, akakifunga kwa uzi, akaiweka rafuni pamoja na zile nyingine.

"Njoo Jumatatu ya wiki ijayo, nikishamaliza mtihani wangu."

"Jumatatu! Na wateja wangu nitawapimia kwa macho?"

"La hasha, shemeji." Akavuta mizani kutoka chini ya meza. "Chukua hii yangu. Nimeipima mwenyewe asubuhi. Iko sawasawa, haizidi, haipungui."

Hapo ndipo nilipomjua huyu mwanamke. Mtu aliyeharibikiwa kweli akiazimwa mizani anashukuru na kukimbia. Mimi niliisukuma irudi kwake.

"Hapana, usijisumbue," nilisema. "Nitasubiri tu."

"Haya," alisema, na msasa ukaendelea.

Baadaye nilisikia kwamba wote saba tuliambiwa maneno yaleyale. Wawili walichukua mizani yake kwa furaha. Hao springi zao zilikuwa zimechoka kwelikweli, na aliwatengenezea kesho yake asubuhi. Watano tulikataa. Kwa hiyo bila kuuliza swali hata moja, bila kuacha tupa yake, alikuwa ameshawachambua watu wa soko kama mchele.

Mwenye bucha hakuvumilia hata saa tatu.

"Fundi, nirudishie tu. Nitaivumilia hivyohivyo na ugonjwa wake."

"Imeshapona."

"Umeitengeneza saa ngapi?"

"Sijaitengeneza. Ilikuwa inahitaji kupumzika."

Mimi nilijikaza siku nzima. Wateja walikuja, wakaona meza haina mizani, wakavuka kwenda kwa jirani. Asubuhi iliyofuata nilikuwa mbele ya kibaraza. Alinipa mizani yangu. Nikaona karibu na tupa yake ametenga kisosi, ndani yake kuna njiti tano za kiberiti. Mkono wa mizani yake ulikuwa tayari umekaa juu ya ule wembe, kilo mbili huku na kilo mbili kule. Akachukua njiti moja kwenye kisosi, akaiweka upande wa kulia. Hakikutokea kitu.

"Bado," alisema, akaanza kunoa tena.

Njiti zetu zilikuwa zimepata kazi.

Sasa nikafanya jambo la mwisho, na hili halikutoka bucha, lilitoka kichwani mwangu. Nilijua kumtoa mtu kwenye kazi yake ni rahisi ukimpa adui.

"Shemeji," nilimnong'oneza, "kuna watu wanakuchezea hapa. Mimi nawajua. Nikutajie aliyeanzisha?"

Tupa ilisimama. Kwa mara ya kwanza siku zile aliniangalia machoni, na nikaona anataka kujua. Alitaka sana. Nilifungua mdomo.

"Usinitajie," alisema.

"Lakini shemeji, ni haki yako..."

"Nikijua leo, nitagombana leo. Nikigombana, mkono utatetemeka, na wembe huu hautaki mkono unaotetemeka. Haraka yako ya nini? Au jina lako liko humo?"

Nikachukua mizani yangu nikaondoka.

Alhamisi mchana, siku moja kabla ya mtihani, nilisikia kinyozi akipiga kelele nikatoka stoo. Upande wa kulia ulikuwa umeshuka. Njiti moja, na ulishuka taratibu, kama mtu mzima anayekaa kitini. Mama Gramu aliivunja njiti katikati, akaweka nusu. Ukashuka tena. Akafunga vitu vyake kwenye foronya, akaenda kuchukua ufunguo wa droo.

Alifaulu. Jumamosi wifi yake alikuja na mwenye nyumba, wakasikilizwa wote wawili.

Jumatano iliyofuata alikuja kwangu na mawe ya mizani kwenye mfuko na muhuri mpya mkononi. Nilikuwa nimeshairekebisha mizani yangu jana yake. Mimi si mjinga. Aliweka kilo moja, mshale ukakaa mahali pake. Akaweka tano, vilevile. Akainua sahani, akachungulia chini, akapitisha kidole.

"Safi sana, shemeji. Umeisafisha lini?"

"Jana."

Akagonga muhuri, akakusanya mawe yake. Mlangoni akageuka.

"Nitapita tena," alisema, wala hakusema lini.